Soriasisi ukiwa kijana: maswali ninayoulizwa kila mara

Soriasisi ilinianza nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni mkoani Tanga, nina miaka 15. Sasa nina miaka 26. Maswali haya nimeulizwa na wadogo zangu walioko shuleni, na mama zao, na hata abiria niliyekaa naye siti moja kwenye daladala akaona kiwiko changu. Mimi si daktari. Ninajibu kwa yale niliyoyapitia na niliyofundishwa kliniki miaka yote hii, na pale panapotaka daktari nimesema nenda kwa daktari.

Soriasisi ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa kinga ya mwili unaojitokeza kwenye ngozi. Ngozi ya binadamu hujijenga upya muda wote: chembe mpya huzaliwa chini, hupanda taratibu, na baada ya kama mwezi mmoja hufika juu na kupukutika bila mtu kuziona. Kwetu sisi kinga ya mwili huichochea ngozi bila sababu, na safari hiyo ya mwezi huisha kwa siku 3 hadi 5. Chembe zinafika juu zikiwa changa na zinarundikana. Mrundikano huo ndio magamba unayoyaona, na chini yake ngozi imevimba na imejaa damu, ndiyo maana ukibandua gamba unaona vitone vidogo vyekundu.

Inayowapata wengi ni ile ya mabaka: viwiko, magoti, kiunoni kwa nyuma, kitovuni, kichwani. Iko ya matone, vidoa vidogo vingi kama mtu amenyunyiziwa maji, na hii hupenda zaidi watoto na vijana, mara nyingi wiki mbili tatu baada ya kuumwa koo. Iko ya mikunjoni, yaani makwapani, chini ya matiti na sehemu za siri, ambako magamba huwa machache ila ngozi inang'aa na kuwasha. Mbili zilizobaki ni za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo: ya usaha, inayotoa vipele vyenye usaha mwilini pamoja na homa, na ile inayofanya karibu ngozi yote iwake, ivimbe na kubanduka huku ukitetemeka kwa baridi.

Mbona picha za mtandaoni hazifanani na ngozi yangu?

Kwa sababu nyingi ni za watu weupe, ambao baka lao huwa la waridi au jekundu. Kwetu linakuwa la zambarau, la kahawia iliyokolea au la kijivu, na magamba yake ni kama majivu ya mkaa. Nilipoteza muda mwingi nikilinganisha mguu wangu na picha hizo na kujiambia yangu lazima iwe kitu kingine.

Jambo la pili ambalo picha hizo hazisemi: baka likitulia huacha alama nyeusi, au mara nyingine nyeupe kidogo. Alama hiyo si ugonjwa tena na si kovu. Ukipitisha kidole ngozi ni laini. Inafifia yenyewe kwa miezi kadhaa. Tafadhali usiikimbizie mkorogo, nitaeleza sababu huko mbele.

Inaambukiza?

Hapana. Si kwa shuka, si kwa taulo, si kwa kitana, si kwa kula sahani moja, si kwa kukumbatiana, si kwa kuoga bwawa moja, si kwa damu.

Bibi anasema ni ukoma, shangazi anasema nimerogwa. Nifanye nini?

Usiwacheke. Hata madaktari wa Ulaya walikuwa wakichanganya soriasisi na ukoma kwa karne nyingi, na ni Ferdinand von Hebra wa Vienna aliyeitenganisha waziwazi mwaka 1841. Kabla ya hapo wapo waliotengwa na jamii kama wakoma kwa sababu ya magamba tu. Kwa hiyo bibi hayuko peke yake.

Tofauti moja unaweza kumwonyesha mwenyewe. Baka la ukoma hupoteza hisia: ukiligusa kwa unyoya wa kuku ukiwa umefumba macho, hausikii. Baka la soriasisi linasikia kila kitu, na linawasha. Kama una baka lisilosikia, nenda kituo cha afya. Ukoma una dawa, zinatolewa bure, na unapona kabisa.

Kuhusu kurogwa, nitasema moja tu linalohusu ngozi. Mimi nilipelekwa kwa mganga na nikachanjwa chale mgongoni na kwenye mikono, nikapakwa unga mweusi. Baada ya kama siku kumi kila chale ikawa mstari wa soriasisi, umenyooka vile vile wembe ulivyopita. Nyumbani wakasema dawa inatoa uchafu. Kumbe ni tabia ya ugonjwa wenyewe: ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa, ugonjwa unaweza kuota palepale penye jeraha. Daktari wa Kijerumani Heinrich Koebner alilieleza jambo hili katika karne ya 19. Ndiyo sababu chale, tatuu, kuungua kwa pasi na mkanda unaobana kiunoni ni vitu vya kuogopa kwetu.

Mtaani wanaita fangasi, wengine pumu ya ngozi. Nitajuaje?

Kwa macho peke yake ni vigumu. Kichwani huitwa mba au mapunye, mwilini huitwa choa, na pumu ya ngozi ni jina la ukurutu, ambao ni ugonjwa mwingine. Ukurutu hupenda mikunjo ya ndani ya kiwiko na nyuma ya goti. Soriasisi ya mabaka hupenda upande wa nje, pale mfupa unapogusa meza. Baka letu lina mpaka unaoonekana vizuri, kama limechorwa. Angalia pia kucha: vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano, au kucha inayonyanyuka kutoka kwenye nyama yake, vinaashiria soriasisi.

Nilitumia krimu na vidonge vya fangasi kwa karibu miaka miwili. Jibu nililipata Moshi, hospitali ya KCMC, ambako kuna kituo cha RDTC kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mama aliuza magunia mawili ya mahindi tukapanda basi. Mtaalamu aliyenipokea alichukua kijiti cha mbao, akakwangua baka la kwenye goti polepole, akaniita niangalie. Gamba liligeuka jeupe, likawa kama nta ya mshumaa iliyokwaruzwa kwa ukucha. Akaendelea kidogo, vikatokea vitone vya damu kama ncha za kalamu. Akamwambia mama, "Mama, huyu hana fangasi. Na wala hamjamkosea chochote." Mama alianza kulia. Wakati ule sikuelewa kwa nini, sasa naelewa.

Imetoka wapi? Nimeirithi?

Sehemu ni kurithi. Mzazi mmoja akiwa nayo, kwa kadirio watoto wanaoipata ni kama mmoja kati ya kumi; wote wawili wakiwa nayo, uwezekano unakaribia nusu. Ila wengi tunaipata bila kumjua ndugu yeyote aliyenayo, mimi nikiwemo. Ukiwa na mbegu hiyo mwilini, kitu kinaweza kuiamsha: koo lenye bakteria aina ya streptokoki, jeraha, msongo wa mawazo, sigara, pombe, na baadhi ya dawa. Dawa hizo ni pamoja na lithiamu, inayotolewa kwa magonjwa ya akili, baadhi ya dawa za presha na moyo za kundi la propranololi, na klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Haidroksiklorokwini, inayotolewa kwa maumivu ya viungo na lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili, ni ndugu yake. Usiache dawa uliyoandikiwa. Mwambie aliyekuandikia kwamba una soriasisi, yeye ataamua.

Yangu ilianza wiki ya mitihani, baada ya koo lililonilaza siku nne. Sasa nikisikia koo linawasha siendi kununua peremende. Naenda kupimwa.

Itapona?

Haina dawa ya kuimaliza. Inatulia, na inaweza kutulia miezi au miaka, halafu ikarudi. Ninajua jibu hili linavyochoma ukiwa na miaka 15. Lakini kwangu ahueni ilianza siku niliyoacha kutafuta wa kuniponya na kuanza kuitunza ngozi kama mtu anavyopiga mswaki. Kila aliyeniahidi kuiondoa kabisa aliondoka na hela ya mama, na hakuna aliyerudi kuniangalia baada ya wiki mbili.

Muuza duka alinipa krimu, wiki moja nikawa safi, kisha ikarudi mara mbili. Kwa nini?

Hili ndilo swali linalonitia uchungu kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Krimu nyingi zinazouzwa kwa jina la "krimu ya kila kitu" zina dawa tatu ndani: ya fangasi, ya bakteria na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na kinga, tena kali kama klobetasoli au betamethasoni. Hiyo steroidi ndiyo iliyokusafisha. Steroidi si adui, mimi naitumia hadi leo. Tatizo ni kupaka ya nguvu kupita kiasi, mahali pasipo pake, bila mpango wa kuipunguza. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Haipaswi kuzidi gramu 50 kwa wiki wala kuendelea zaidi ya wiki mbili mfululizo bila daktari kuangalia. Ukiiacha ghafla baada ya miezi ya kupaka, ugonjwa unarudi kwa hasira, na mara nyingine unarudi kwa ile sura ya usaha. Ukiipaka usoni, makwapani au kwenye mapaja kwa muda mrefu, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na mistari inachanika ambayo haifutiki. Mimi ninayo mistari hiyo ndani ya mapaja. Ni ya krimu, si ya soriasisi.

Sasa rudi kwenye mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli hiyo hiyo, nyingine zina zebaki na haidrokwinoni. Msichana mwenye alama nyeusi za soriasisi akianza kujipaka, mabaka yanatulia na rangi inang'aa, anadhani amepata tiba. Nimekaa na wadada kliniki waliofika wakiwa wamewaka mwili mzima, wote hadithi yao ni hiyo: nilipaka, nikapendeza, chupa ikaisha.

Sindano na vidonge vya steroidi, mfano prednisoloni au ile "sindano ya aleji" unayochomwa bila kuelezwa, ni hatari zaidi kwa mwenye soriasisi, kwa sababu athari ya kuacha ni kubwa. Uliza jina la dawa kabla hujavua nguo ya kuchomwa. Na dawa ya kienyeji inayokausha kila kitu ndani ya siku tatu, itilie shaka. Kuna zinazochanganywa steroidi kimyakimya.

Basi matibabu sahihi ni yapi?

Kwanza mafuta, kila siku, hata siku ambazo hakuna baka. Vaseline ya kawaida inatosha. Mafuta ya nazi ya bibi yanafaa pia. Oga kwa maji ya uvuguvugu, usijisugue kwa dodoki wala jiwe, jikaushe kwa kupapasa, na upake mafuta maji hayajakauka mwilini. Kitu kimoja watu hawaambiwi: kanga au shuka iliyolowa mafuta mazito inashika moto upesi. Ukipaka, usiinamie jiko la mkaa ukiwa na kanga hiyo.

Halafu kuna dawa za kupaka. Asidi ya salisiliki huchanganywa kwenye mafuta ili ilainishe magamba, kwa maana dawa haipenyi gamba nene. Steroidi huchaguliwa kulingana na mahali: laini kama haidrokotisoni kwa uso na mikunjo, kali kwa viwiko, magoti na nyayo. Kalsipotrioli, inayotokana na vitamini D, inaweza kupakwa muda mrefu zaidi. Lami ya makaa ya mawe ni dawa ya zamani, inanuka na kuchafua nguo, lakini kichwani inasaidia sana ikiwa kwenye shampuu.

Kipimo cha kupaka nilifundishwa hivi: kamua krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, nayo inatosha eneo la viganja viwili. Hadi hapo nilikuwa ama napaka kidogo mno kwa kubana matumizi, ama najisiliba.

Kiganja chako pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wako. Mabaka yakizidi viganja kumi, au yakishika uso, mikono au sehemu za siri kiasi cha kukuzuia kuishi, krimu peke yake hazitoshi. Hapo kuna tiba ya mwanga wa UVB, aina ya miale iliyomo kwenye jua, hospitalini, mara mbili au tatu kwa wiki kwa wiki kadhaa, na kuna vidonge vya kutuliza kinga kama methotreksati. Kuna pia sindano za kibaiolojia, zinazozuia sehemu fulani tu ya kinga, kama adalimumabu na sekukinumabu. Zinafanya kazi vizuri sana, ila bei yake wengi wetu hatuiwezi, na kabla ya kuanza lazima upimwe kifua kikuu.

Nimeandikiwa methotreksati. Naogopa.

Kuogopa kidogo kunasaidia, maana dawa hii haitaki uzembe. Inamezwa mara MOJA kwa wiki. Si kila siku. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa kukosea. Chagua siku, mimi yangu ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha usiku, na uiandike ukutani. Siku nyingine utameza foliki asidi, ambayo ni vitamini, kama daktari atakavyokupangia. Damu na ini vitapimwa mara kwa mara. Usiruke vipimo kwa kuwa unajisikia vizuri. Pombe weka mbali. Msichana asishike mimba akiwa anaitumia, na mvulana anayetaka mtoto azungumze na daktari kabla. Na usinunue Septrin, ile dawa ya bakteria, dukani ukiwa kwenye dozi hii, kwani zikikutana zinaweza kushusha chembe za damu yako vibaya. Mwenye duka hajui unameza nini, mwambie wewe.

Mimi niliitumia mwaka na nusu. Ilinipa kichefuchefu kila Jumatatu asubuhi, na ilinipa viwiko vyangu.

Jua na bahari vinasaidia?

Kwa wengi, ndiyo. Dakika 10 hadi 15 za jua la asubuhi kwenye mabaka zinatosha. Kuungua na jua kunaamsha ugonjwa badala ya kuutuliza. Mwenye ualbino asijaribu kabisa. Maji ya bahari yanalainisha magamba, ila yanachoma penye mipasuko, na ukitoka jisuuze kwa maji yasiyo ya chumvi kisha upake mafuta. Kwetu Tanga nilikuwa naenda na kaka yangu alfajiri, kabla ya wavuvi kurudi, kwa sababu sikutaka kuonekana. Siku hizi naenda saa yoyote.

Shuleni wananitenga. Nifanye nini?

Bwenini nilikuwa naamka saa kumi, kabla ya kengele. Nilipangusa shuka kwa kiganja, kutoka kichwani hadi miguuni, nikakusanya magamba kwenye karatasi ya daftari, nikaikunja na kuiweka mfukoni mwa sketi hadi nifike chooni. Hivyo kila siku, ili matroni asione akipita kukagua vitanda. Siku moja aliona. Nilihamishiwa chumba cha wagonjwa, peke yangu, karibu wiki tatu, na wenzangu wakakatazwa kukalia kitanda changu.

Siku ya kunyoa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mashine moja, wasichana wote, na mnyoaji akanirudisha mbele ya foleni nzima. Rafiki yangu mmoja akanishika mkono tukaenda nyuma ya bweni. Alitandika kanga yake, akanikalisha, akaninyoa kwa mkasi akikwepa mabaka moja moja. Nywele na magamba vilianguka kwenye kanga. Alipomaliza akaikung'uta, akaitandika tena, akakaa yeye na kunipa mkasi: "Haya, zamu yangu."

Unachoweza kufanya wewe: omba barua ya kliniki inayosema jina la ugonjwa na kwamba hauambukizi, na mzazi aipeleke mwenyewe kwa mkuu wa shule. Barua yenye mhuri inafanya kazi ambayo machozi hayafanyi. Akibisha, mzazi amwambie kwamba mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu soriasisi, ukiitambua kuwa ugonjwa wa kudumu usioambukiza. Kisha mchague mwenzako mmoja bwenini umweleze kila kitu. Mmoja anatosha kuanza. Na omba ruhusa ya kupaka mafuta mchana na kuvaa mikono mirefu kwenye michezo ukitaka.

Naweza kusuka? Na kinyozi je?

Suka, ila usibanwe. Rasta za kuvuta hadi macho yanapanda zinaumiza ngozi, na penye jeraha unajua kinachofuata. Dawa ya kulainisha nywele usiweke kichwa kikiwa na mipasuko. Mwambie msusi kabla hujakaa: "Dada, nina soriasisi kichwani, haiambukizi, usikwangue." Kitana cha meno mapana, mafuta usiku, shampuu asubuhi. Wavulana, mwambieni kinyozi asishushe mashine hadi kwenye ngozi. Na kwa sisi wa hijabu, kitambaa cha pamba chepesi chini yake kinapunguza joto na kuwasha.

Niache kula nini?

Niliambiwa niache samaki, mayai, nyama nyekundu, maharage, biringanya na pilipili. Nilibaki na ugali na mchicha, nikakonda, mabaka yakabaki. Hakuna chakula kimoja kilichothibitishwa kuwa chanzo kwa kila mtu. Kinachosaidia ni kupunguza uzito kwa aliyenenepa, kuacha sigara na kuacha pombe. Ukiona kitu fulani kinakuwasha kila ukila, kiache hicho.

Nimeambiwa nipime virusi vya UKIMWI. Kwani vinahusiana?

Soriasisi hailetwi na ngono wala si dalili kwamba una virusi. Ila kwa mtu mwenye VVU asiyejijua, soriasisi inaweza kulipuka ghafla na kwa ukali, na akianza dawa za kufubaza virusi ngozi mara nyingi hupata nafuu. Vilevile daktari anahitaji kujua hali yako kabla ya kukupa dawa za kushusha kinga. Pima, chukua jibu lako, endelea na tiba. Mimi nilipima nikiwa na miaka 17, na nesi aliniambia swali hilo humwuliza kila mgonjwa wa aina yangu.

Na mapenzi? Nani atanioa?

Mwambie mapema, kabla hajaona mwenyewe. Sisemi siku ya kwanza. Mimi nilimwambia mchumba wangu tukinywa chai, nikakunja mkono wa gauni nikamwonyesha. Aliuliza kama inauma. Wazazi wake waliuliza kama watoto watapata, nikawajibu zile hesabu za kurithi nilizoandika juu, bila kupunguza. Wapo waliowahi kuondoka baada ya kuona. Niliumia, sitadanganya.

Soriasisi inaweza kukaa sehemu za siri, na vijana wengi wanaificha hata kwa daktari wakidhani ni ugonjwa wa zinaa. Siyo, na mwenzako hawezi kuupata. Ina krimu zake laini, usipake ya magoti huko. Wakati imechubuka subirini ipoe, na kondomu iwe na kilainishi. Kuhusu ujauzito, kwa wanawake wengi ngozi hutulia, kisha hurudi baada ya kujifungua. Ila kuna kidonge kiitwacho asitretini ambacho mwanamke akishaacha anatakiwa akae miaka mitatu bila kushika mimba, kwa hiyo msichana akiandikiwa hicho aulize mara mbili.

Vidole vinaniuma asubuhi. Ni uchovu?

Huenda siyo. Watu hadi 3 kati ya 10 wenye soriasisi hupata baridi yabisi yake. Ukiamka viungo vimekakamaa zaidi ya nusu saa, kidole kizima kimevimba kama soseji, kisigino kinauma ukikanyaga, au kucha zimeharibika sana, nenda mapema. Kiungo kikishaharibika hakirudi.

Siku nyingine sitaki hata kuishi. Nimwambie nani?

Mwambie mtu leo. Mama, mjomba, mwalimu mmoja unayemwamini, au nesi. Ukiwa chini ya miaka 18, Tanzania na Kenya kuna simu ya watoto namba 116, ni bure. Huzuni ni sehemu ya ugonjwa huu, madaktari wanaijua, na inatibiwa kama baka linavyotibiwa. Kliniki waambie "silali" na "sitaki kutoka nje" kwa uwazi ule ule unaowaonyesha goti. Nami nimewahi kukaa chumbani likizo nzima. Aliyenitoa ni mama, alianza kunipaka mafuta mgongoni kila jioni bila kusema neno, hadi siku moja nikaanza kuongea mimi.

Naenda kwa daktari wa ngozi mara ya kwanza. Nibebe nini?

Beba makasha na mirija ya kila krimu uliyowahi kupaka, hata iliyokwisha, hata ya kujichubua. Hatakugombeza, anataka kusoma kilichoandikwa. Piga picha za simu siku ugonjwa unapokuwa mbaya, kwa sababu una kawaida ya kutulia siku ya miadi. Andika lini ulianza, koo liliuma lini, nani kwenye ukoo ana magamba au maumivu ya viungo. Vaa nguo inayovulika kirahisi, atataka kuona kichwa, kitovu, kucha na nyayo. Na asubuhi hiyo usipake kitu chochote, ili aikute ngozi kama ilivyo.